Bei ya Karatasi

Kabla sijaendelea, nijibu barua moja. Mama mumoja wa Moba ameliandikia gazeti kuuliza kama mimi Urbain niko na haya. Mama, haya ninayo. Ilichelewa tu kufika, na leo utasoma siku yenyewe ilipofika.

Kwa waliokosa juma lililopita: mwaka 73, wakubwa wa reli hapa Kalemie walinitoa kwenye dirisha la tiketi, wakanituma gatini kuhesabu magunia. Sikumuambia muntu. Kila asubuhi nilivaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya watu wa biro, nikapita mbele ya majirani na kalamu mufukoni, nikafika gatini, nikavua, nikavaa kaptula. Hata muke wangu Denise alifikiri bado ninakata tiketi.

Muntu huyo, anayevaa uongo asubuhi na kuuvua jioni, njo wamama wa samaki walimuchagua awanunulie gari.

Walikuwa wamama kumi na wanane. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, walizitoa Zongwe na Mpala, wakazipeleka Bendera kuwauzia watu wa mitambo ya umeme. Miaka mine waliweka pesa pamoja, wakajinyima hata kitenge cha Noeli. Walitaka kamioneti mupya, yao wenyewe, waache kupanga nafasi kwenye kamioni ya mufanyabiashara mumoja aliyewatoza namna alivyoamka.

Aliyewaongoza alikuwa Mama Hortense, mama mukwe wangu.

Hapa wasomaji wa mbali niwaeleze. Kwa watu wa muke wangu, mukwe na mama mukwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Miaka saba nilikuwa na Denise, na Mama Hortense hajawahi kunielekezea neno hata moja. Akiwa na la kuniambia, anageuza kiti, ananipa mugongo, anamuambia muntu mwingine. Mimi niko pale pale, hatua tatu, ninasikia kila kitu.

"Clémence," alisema siku waliyonichagua, "mwambie mukwe wangu, bei ya kwanza asiikubali."

Clémence alikuwa mudogo kuliko wote katika kile chama. Akanigeukia. "Mama anasema, bei ya kwanza usiikubali."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Mwambie alizunguke gari. Aipige pine teke kidogo. Aguse mulango, anyamaze. Aage, aondoke, arudi kesho yake. Bei ikishuka mpaka inakataa, njo aombe nyongeza. Turubai ya kufunika muzigo, pine ya akiba, na kriki ya kuinulia gari. Nyongeza asiisahau. Mvua iko karibu."

Nyongeza munaijua. Ukinunua ndagala sokoni, bei ikikubalika, muuzaji lazima akutilie tena mukono mumoja juu. Asipotia, bado hajakuuzia.

Nilisikiliza yote hayo na moyoni nilikuwa nikicheka. Pine kupigwa teke, katika garaji ya kuuzia magari, mbele ya watu waliosoma. Niliona wamama hawa wanataka kuniaibisha.

"Wewe njo kinywa chetu, Papa Urbain," Clémence alisema. "Kule wanaongea kwa karatasi, na Kifaransa. Sisi tungefika, wangetutembeza tu."

Kwa hiyo Kifaransa changu njo walichokiamini.

Siku ya kwenda, Mama Hortense alitaka kuwa karibu na pesa yake. Lakini hawezi kukaa katika biro moja na mimi. Wakamukalisha kwenye korido, juu ya sanduku la vyuma, na Clémence pembeni, na kikapu cha pesa kati ya miguu yake. Kati yangu na yeye kulikuwa ukuta wa mbao nyembamba.

Gerani, musimamizi wa ile garaji, aliitwa Bonaventure. Kwenye mulango wa biro waliandika jina lingine, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini mujini kila muntu alimuita Bonaventure. Alivaa abakosti kama yangu, tofauti ni kwamba yake ilikuwa imekwisha kulipwa.

Tuliongea Kifaransa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ninawapa kwa Kiswahili, isipokuwa Citoyen, mwananchi, namna tulivyopaswa kuitana miaka ile.

"Citoyen, karibu. Biro gani?"

"Reli," nikasema. "Upande wa tiketi."

Akanipa kiti chenye mikono. Juma zima nilikuwa nimekalia magunia ya mahindi. Kile kiti kilinilevya, sisemi uongo.

Akaweka mezani karatasi iliyopigwa mashini. Kamioneti moja, rangi ya buluu, zaire elfu mbili na mia nne, pesa ya wakati ule. Chini palikuwa muhuri.

Halafu akaningoja. Leo ninajua alichokuwa anangoja. Alingoja nianze kubishana, na alikuwa amekwisha kujitayarisha kwa hilo, mikono juu ya tumbo.

"Ni bei ya haki," nikasema.

Gari lenyewe nilikuwa sijalitazama.

Clémence akaingiza kichwa mulangoni. "Papa Urbain, samahani. Mama anauliza, bei imeshuka?"

Bonaventure akatabasamu kidogo. Lile tabasamu lilinichoma. Nikaona ananiweka kapu moja na wauza samaki.

"Mwambie hii imeandikwa na mashini," nikamujibu Clémence, kwa sauti. "Bei ya karatasi haipunguzwi."

Kichwa kikatoka. Nikasikia wanasemezana.

"Hao ni nani?" Bonaventure akauliza.

"Wenye pesa. Wanauza ndagala."

"Wanasikia Kifaransa?"

"Hao?" Nikacheka. "Hapana, Citoyen."

Akasogeza kiti. Sauti hakuishusha, kwa nini aishushe?

"Basi nisikilize. Tajiri wangu ananiruhusu kuondoa mia mbili kwa anayelipa yote mara moja. Ninaweza kuziandika hapa, wamama wafurahi. Ama tunaiacha karatasi ilivyo." Akatazama rafu iliyokuwa nyuma yake. Juu yake ilikuwa redio kubwa, na koti lake la ngozi. "Ile inashika mpaka Brazzaville. Mpaka Ulaya, ukiinyoosha antena vizuri."

"Na turubai? Na pine ya akiba?"

Niliuliza. Ninataka mujue niliuliza.

"Vile vinatoka katika zile zile mia mbili, Citoyen. Ni huku ama kule."

Nilifikiria wamama, siwadanganyi. Niliwafikiria kwa muda wa kunywa kahawa nusu. Halafu nikafikiria kaptula yangu gatini, na jirani yangu aliyeanza kuniuliza mbona viatu vyangu viko na vumbi la unga. Muntu mwenye redio ile, nani atamuuliza habari ya viatu?

"Acha karatasi ilivyo," nikasema. "Mama mukwe wangu, ukimupunguzia, atafikiri gari ni bovu. Yule anajua kuhesabu samaki tu. Na samaki wenyewe anahesabu kwa vidole."

Bonaventure akacheka. Mimi pia nikacheka, zaidi yake.

Ng'ambo ya mbao, Mama Hortense akakohoa mara moja.

Clémence akarudi. "Papa Urbain, Mama anauliza, nyongeza umeomba?"

"Mwambie hapa si soko."

Akaenda, akakaa kidogo, akarudi na kikapu.

"Mama anasema, sawa."

Wamama kumi na sita walikuwa wakingoja inje. Waliimba. Waliipaka ile kamioneti mikono mpaka buluu yote ikajaa alama za vidole. Mama Hortense aliizunguka peke yake. Alipiga pine teke kidogo. Akainama, akatazama chini nyuma, pale pine ya akiba inapokaa. Akasimama, akajifunga kitenge upya, akapanda.

Redio niliichukua siku ya tatu, nimeifunga katika gunia.

"Umeipata wapi?" Denise aliuliza.

"Zawadi ya reli. Kwa kazi nzuri."

Muke wangu akaniangalia kwa furaha, akaitandikia meza kitambaa kile cha ndoa yetu. Majirani walikuja na viti vyao kusikiliza. Jirani wa viatu alisema wakubwa wa reli wanajua muntu wa maana. Nilimuongezea bia.

Safari ya kwanza ya Bendera, Clémence alikwenda na shofeli wa kuendesha gari, na magunia thelathini ya ndagala kavu. Mvua iliwakuta mulimani. Turubai hapana. Wakatandika vitenge vya Clémence juu ya magunia, na vitenge havizuii mvua. Halafu pine ya nyuma ikapasuka, na ya kubadilisha hapana. Walikaa pale siku mbili. Ndagala zilivimba, zikaanza kunuka, watu waliopita njiani walifunga pua.

Clémence alirudi miguu imevimba. Akanikuta barazani kwangu. Redio ilikuwa inaimba.

"Papa Urbain, kule Bendera tuliona gari kama yetu, mwaka ule ule. Mwenyewe anasema aliinunua hapa hapa. Walimupunguzia, tena wakamupa turubai na pine."

"Anajisifu tu," nikasema. "Bei ya karatasi haipunguzwi."

"Nami nilimujibu vile. Nilimuambia, Papa Urbain ni muntu wa biro, hawezi kukosea."

Aliniamini. Alikaa pale anasugua miguu yake, akaniamini.

Pesa waliyonunulia ndagala zile ilikuwa yote waliyobaki nayo. Yule mufanyabiashara wa kamioni hakukawia. Alituma neno kwamba anaweza kuwasaidia kwa kuinunua kamioneti yao, nusu ya bei. Wamama wakapanga kukutana Jumapili, misa ikiisha, waamue kama wanauza.

Hakuna aliyenilaumu. Hata mumoja. Walisema ni mvua.

Jumamosi, Denise alikuwa anapiga pasi abakosti yangu ya misa.

"Mama hali," akasema. "Jana nilimukuta anasali Rozari kwa Kifaransa. Akiwa na uchungu sana njo anasali vile."

"Kwa Kifaransa? Amekariri?"

"Amekariri nini? Si alifua nguo za masista kule Mpala miaka tisa? Walikuwa wanaongea naye Kifaransa tu. Mimi Kifaransa changu cha kwanza nilifundishwa na yeye, kabla sijaingia masomo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini polepole.

"Hukuniambia."

"Nilifikiri unajua. Miaka saba, Urbain."

"Sijaongea naye hata siku moja, Denise. Ningejua wapi?"

Akafikiri, akacheka. "Ni kweli. Ungejua wapi."

Akaendelea kupiga pasi. Mimi nilikuwa nikisikia kile kikohozi cha korido. Nikayapitia maneno yangu yote, moja moja, tangu kile kiti chenye mikono mpaka vidole vya kuhesabia samaki. Yote aliyasikia. Na mimi sikuwa na njia ya kwenda kuomba musamaha, maana hatuongei, wala yeye hakuwa na njia ya kunitukana.

Nikazima redio. Denise akauliza kwa nini. Nikasema betri.

Jumapili nilitaka kujisingizia homa. Denise akasema chama kimeniita, nisipokwenda watafikiri nimewakasirikia. Tukaenda, kwenye kiwanja cha Mama Hortense karibu na muto Lukuga. Kamioneti ilisimama pale, bado inanuka. Wamama walikaa kwenye mikeka. Mama Hortense alikuwa kwenye kiti chake, mugongo kwangu, kama siku zote. Denise akaenda kusaidia kwenye sufuria.

Nilingoja tuanze habari ya kuuza. Badala yake Clémence akaja kutoka nyuma ya nyumba na kuku mweupe, miguu imefungwa kamba. Akamuweka chini mbele yangu.

"Mama analipa," akasema. Uso wake ulionyesha hata yeye haelewi.



Niwaeleze tena. Kwa watu wa muke wangu, ukimuona mukwe wako uchi, hata kama hukutaka, hata kama yeye njo alivua, wewe uliyeona unalipa kuku mweupe. Yule anayepokea kuku lazima aseme mbele ya watu alionwa wapi na namna gani. Akisema, kuku anachinjwa, wote wanakula, na neno lile halirudi tena kinywani mwa muntu. Asiposema, nyumba mbili hazitembeleani tena.

Muone, basi. Mimi njo nilikosa. Yeye njo analipa faini. Na katika ile faini alinifungulia mulango mupana kabisa: nilitakiwa tu kusema, tule, iishe. Wangenitukana. Mia mbili ningewalipa, hata kwa kuuza redio, na turubai ingepatikana kabla hawajaiuza kamioneti.

"Mama," Clémence akauliza ule mugongo, "ulimuona wapi mukwe wako?"

Mugongo haukujibu. Si kazi yake kujibu. Ilikuwa kazi yangu.

Nikawatazama wamama kumi na saba. Nikamutazama Denise na mwiko mukononi. Nilikuwa na maneno tayari, ninaapa nilikuwa nayo.

"Ziwani," nikasema. "Mama alinikuta ninaoga."

Wakapasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza tangu ndagala zioze. Mumoja akauliza kama maji yalikuwa ya baridi. Hata Clémence alijifunika uso na kitenge. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikainama, nikamushika kuku.

Kiti kikakwaruza chini.

Mama Hortense alikuwa anageuka. Alisimama, akageuza kiti chake taratibu, akakaa tena, uso wake kwangu. Kicheko kikakatika. Mama mumoja akaweka mukono kwenye kinywa.

Ilikuwa mara ya kwanza ninamuona macho. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Miaka saba sikulijua.

Akaongea nami. Kwa Kifaransa, kile cha masista, cha polepole, cha kumaliza kila neno, na akaniita kwa heshima kama muntu anavyomuita askofu.

"Mukwe wangu," akasema, "ile redio munayoisikiliza kwa mia mbili zetu, sauti yake ni nzuri?"

Wamama wakatazamana. Hawakuelewa hata neno. Hapo nikajua kwa nini alichagua lugha ile: bado alikuwa ananifunika. Alinipa nafasi ya pili, mimi na yeye tu, mbele ya watu wote.

"Papa Urbain," Clémence akasema, "Mama anasema nini? Tutafsirie. Wewe njo kinywa chetu."

Kuku alianza kupiga mabawa mukononi mwangu. Nikageuka kumutafuta Denise.

Mwiko ulikuwa chini. Denise, aliyefundishwa Kifaransa na mama yake, alikuwa amekwisha kutoka kiwanjani, anatembea haraka, kuelekea nyumbani kwetu, kule redio iliko.

"Papa Urbain," Clémence akarudia, "tunangoja."